Taji la Jua: Ulipie Dakika Nne za Voi au Miaka Thelathini ya Angani?

Jumamosi ya tarehe 16 Februari 1980, kabla ya adhuhuri, kivuli cha mwezi kilitokea upande wa Tanzania, kikaikata Taita Taveta na kushika njia ya Bahari ya Hindi. Voi na nyanda za Tsavo zikaingia giza kwa karibu dakika 4. Wageni waliotoka ng'ambo na masanduku ya kamera na darubini hawakuwa wamefuata giza. Walifuata kile ambacho giza hilo hukifichua: taji la jua, utando mweupe wa gesi ya moto unaolizunguka jua na ambao siku nyingine zote humezwa na mng'ao wake.

Juma hilohilo mshindani alikuwa ameshaingia sokoni. Siku 2 kabla, tarehe 14 Februari, Marekani ilirusha setilaiti ya Solar Maximum Mission, iliyobeba kifaa cha kulitazama taji bila kuungojea mwezi. Setilaiti nyingine, P78-1, iliyorushwa Februari 1979, tayari ilikuwa ikipiga picha za taji kwa kifaa kinachoitwa Solwind. Kwa hiyo mwenye fedha za utafiti mwaka huo alikabiliwa na swali la mnunuzi yeyote: apeleke mizigo Voi kwa ajili ya dakika 4, au azitie fedha zake angani?

Swali hilo bado lipo, ila bei zimebadilika na maduka yameongezeka. Tumelipima kwa niaba ya mwalimu wa fizikia Mwatate, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta, klabu ya sayansi ya shule ya upili, na mzazi ambaye huenda akaombwa nauli ya kwenda kutazama kupatwa kwa jua kwa mwaka 2027.

Bidhaa yenyewe

Taji la jua linang'aa takriban sehemu moja kwa milioni ya uso wa jua. Hiyo si haba, kwani ni sawa na mwanga wa mwezi mpevu. Shida ni jirani yake. Ukisimama usiku kando ya barabara kuu ya Mombasa na lori likuwashie taa kamili, huwezi kumwona utingo aliyekaa pembeni mwa dereva mpaka uzizibe taa zile kwa kiganja. Kila kifaa tutakachokitaja hapa ni kiganja cha aina fulani, na tofauti ya bei ni tofauti ya kiganja.

Mwezi ndio kiganja bora kuliko vyote. Uko mbali, takriban kilomita 380,000, na kwa macho yetu unalingana na jua karibu sawasawa. Kwa kuwa upo nje ya hewa ya dunia, unazuia mwanga kabla haujaigusa anga, hivyo hata ule ubuluu wa mbinguni unazimika. Mtazamaji anaona taji kuanzia pale pale linapootea kwenye ukingo wa jua.

Koronagrafu, yaani darubini yenye kisahani cha kuziba jua, ni kupatwa kwa jua kwa kutengeneza. Mfaransa Bernard Lyot aliifanikisha kwenye kilele cha Pic du Midi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Udhaifu wake ni kwamba mwanga hupinda unapopita ukingoni mwa kitu, na kisahani kilicho karibu na lenzi huumwaga mwanga huo uliopinda ndani ya picha. Dawa ni kukifanya kisahani kiwe kikubwa kuliko jua. Lakini kadiri kinavyokuwa kikubwa, ndivyo kinavyofunika sehemu ya taji ambayo wanasayansi wanaitamani zaidi, ile ya chini kabisa.

Bei ya kukaa ardhini

Kwa kifaa, ardhi ni rahisi. Lenzi ya milimita 400, kamera ya mtumba inayokubali kurekebishwa kwa mkono, mguu wa kamera ulio imara na kichujio cha jua vinatosha kuleta picha ambayo mtafiti hataidharau. Ongeza kichujio cha polaroidi unachoweza kukizungusha, na picha tatu zilizopigwa kwa pembe tofauti zitakusaidia kutenganisha mwanga unaotawanywa na elektroni za taji na ule unaotawanywa na vumbi la angani. Kutokana na mwanga wa elektroni ndipo wataalamu hukadiria msongamano wa gesi ya taji.

Gharama kubwa ni ya mahali. Kupatwa kamili hutokea duniani kwa wastani mara moja kila miezi 18, lakini njia ya kivuli ni nyembamba. Ile ya 1980 ilikuwa na upana wa kilomita 150 hivi. Sehemu moja ya dunia hungoja, kwa wastani, zaidi ya miaka 350 kabla ya kupitiwa tena. Kwa hiyo mtazamaji hulifuata giza kwa ndege na kwa meli, na hilo ndilo linalokula fedha. Muda pia haununuliki kirahisi. Mwaka 1980 hata aliyekuwa mahali pazuri kuliko pote, katikati ya bahari, hakupata zaidi ya dakika 4 na sekunde 8.

Waliojaribu kuununua muda walilipa sana. Tarehe 30 Juni 1973 ndege ya Concorde 001 ilikifuata kivuli juu ya Sahara kwa mwendo unaokaribia mara mbili ya kasi ya sauti, na watafiti waliokuwamo wakapata dakika 74 za giza. Njia ya bei nafuu zaidi ni kushirikiana. Mwaka 2017 mradi wa Citizen CATE nchini Marekani ulipanga darubini 68 zinazofanana, kutoka pwani hadi pwani, nyingi zikiwa mikononi mwa wanafunzi na watu wa kujitolea. Mmoja akimaliza dakika zake 2, mwenzake wa mbele anapokea. Mradi uliunganisha picha hizo kuwa rekodi ya takriban dakika 90 ya taji la chini, bila roketi wala Concorde.

Bei ya kwenda angani

Hapa tarakimu hubadilika sura. Taifa-1, setilaiti ndogo ya Kenya iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, iligharimu takriban Sh milioni 50, nayo hutazama ardhi wala haitazami jua. Proba-3 ya Shirika la Anga la Ulaya, iliyorushwa kutoka India tarehe 5 Desemba 2024, iligharimu takriban yuro milioni 200, yaani zaidi ya Sh bilioni 25. Parker Solar Probe ya Marekani, iliyopita kilomita milioni 6.1 tu kutoka uso wa jua tarehe 24 Desemba 2024, ni mradi wa takriban dola bilioni 1.5, karibu Sh bilioni 190. India imepunguza bei: Aditya-L1, iliyorushwa tarehe 2 Septemba 2023, ilikadiriwa kugharimu takriban rupia bilioni 4. Hata hiyo ya bei ya chini inazishinda nguvu za kaunti yoyote ya Kenya.

Kwa fedha hizo unapata kitu ambacho Voi haikuweza kukitoa, nacho ni mwendelezo. SOHO, chombo cha Ulaya na Marekani kilichorushwa tarehe 2 Desemba 1995, kimelitazama taji kwa karibu miaka 30 kupitia koronagrafu zake za LASCO. Katika mamia ya maelfu ya saa hizo kimeona milipuko mikubwa inayorusha gesi kuelekea dunia. Milipuko hiyo ndiyo inayovuruga GPS ya mpima ardhi, redio za ndege na nyaya za umeme, na ndiyo sababu serikali zinakubali kulipa. Setilaiti ya hali ya hewa ya GOES-19, iliyorushwa tarehe 25 Juni 2024, imebeba koronagrafu kwa kazi hiyo ya tahadhari.

Ubora: nani anaona nini

Chukua picha ya siku ya kamera ya C2 ya SOHO. Ni ya rangi ya machungwa iliyoiva, na katikati yake kuna duara lisilo na picha lenye mviringo mweupe uliochorwa ndani. Mviringo huo ndio ukubwa halisi wa jua. Ukipima kwa rula, utaona kisahani kimefika takriban mara mbili ya nusu kipenyo cha jua. Maana yake ni kwamba ukanda wa karibu kilomita 700,000 juu ya uso wa jua haumo pichani. Kamera ya C3, ile ya rangi ya buluu, inafika mbali sana, hadi nusu vipenyo 30, lakini inaanzia mbali zaidi pia, na mkono unaokishika kisahani chake unaonekana kama kivuli kilichokata pembe ya picha.

Sasa chukua picha ya kupatwa kwa jua iliyounganishwa vizuri kutokana na mikupuo mingi, kuanzia sehemu moja ya elfu ya sekunde hadi sekunde nzima. Ule ukanda uliofichwa na C2 unajaa: ndimi nyekundu za gesi ukingoni, matao ya usumaku, na nyuzi nyeupe zinazochomoza kwenye ncha za jua. Hapo ndipo taji linapopashwa moto hadi nyuzi zaidi ya milioni moja, ilhali uso wa jua ni nyuzi 5,500 tu. Fumbo la joto hilo halijamalizika, na jibu lake liko katika ukanda huo wa chini.

Rangi nazo ni za ardhini zaidi. Mstari wa kijani ulioonekana kwenye mwanga wa taji wakati wa kupatwa kwa jua mwaka 1869 uliwasumbua wataalamu kwa miaka 70, wengine wakidhani ni elementi mpya. Walter Grotrian na Bengt Edlén ndio waliokuja kuonyesha kwamba ni chuma cha kawaida, kilichopokonywa elektroni 13 kwa joto kali. Ugunduzi huo mkubwa ulianza kwa watu waliosimama juani na vifaa vyao, tena kwa dakika chache.

Lakini ardhi haioni mwendo. Picha moja ya dakika 4 haikuambii taji lilikuwaje jana wala litakuwaje kesho. Solwind, kwa picha zake zilizokuja kila baada ya dakika chache, iliweza kuonyesha mlipuko ukiondoka juani na kusafiri. Mtu wa Voi mwaka 1980 aliona taji la mviringo lililotawanya miale pande zote, kama inavyokuwa jua likiwa kileleni mwa mzunguko wake wa miaka 11. Hakuweza kuona hata mwale mmoja ukisogea.

Hatari za kila upande

Adui wa ardhini ni wingu, na Taita Taveta inafundisha somo hilo vizuri. Anayeangalia ramani tu angechagua kilele cha Vuria, mita 2,208, kwa kudhani kwamba juu ni bora. Mwenyeji angemwonya kwamba Milima ya Taita huvuta ukungu. Misitu yake inaishi kwa ukungu huo. Voi, chini kwenye nyanda kavu, mwezi wa Februari, katikati ya vuli na masika, ni chaguo la mtu anayejua. Isitoshe, reli na barabara kuu vinapita hapo, na masanduku mazito hayapandishwi milimani kwa hiari. Ukichagua kituo cha kutazamia, ardhi ya mawingu machache hushinda ardhi ya juu.

Angani hakuna wingu, lakini hakuna fundi pia. Solar Maximum Mission iliharibikiwa mwaka wake wa kwanza, ikangoja mpaka Aprili 1984 wanaanga wa chombo cha Challenger walipoifuata na kuitengeneza. SOHO ilipotea mwaka 1998. Ilipopatikana, kamera yake ya C1, ile iliyokuwa ikiona karibu na ukingo, ilikuwa imekufa. P78-1 ilipata mwisho wa ajabu zaidi: tarehe 13 Septemba 1985 jeshi la Marekani liliipiga kwa kombora kutoka ndege ya F-15, katika jaribio la silaha, ikiwa bado inatoa data. Kamera ikiharibika Voi, unachukua ya jirani. Ikiharibika angani, unasubiri bajeti nyingine.

Bidhaa zinazokutana katikati

Proba-3 ni jaribio la kuuza mwezi wa kutengeneza. Ni vyombo viwili vinavyoruka takriban mita 150 kati yao, kimoja kikiwa na kisahani cha mita 1.4 na kingine kikiwa na darubini, vikishikilia nafasi kwa usahihi wa milimita. Kwa kuwa kisahani kiko mbali, mwanga unaopinda ni mdogo, na taji linaonekana kuanzia karibu sana na ukingo, hadi saa 6 katika kila mzunguko wa saa 20 hivi. Picha zake za kwanza zilitolewa Juni 2025. Sasa anga inauza kile kilichokuwa karibu cha ardhini peke yake, na bei yake umeshaiona.

Je, kupatwa kwa jua kumekuwa bidhaa ya zamani? La. Tazama hesabu ya 1973. Skylab, kituo cha angani cha Marekani, kilirushwa Mei mwaka huo kikiwa na koronagrafu, na tarehe 30 Juni kivuli kilipopita kaskazini mwa Kenya, watafiti wa Marekani wa High Altitude Observatory walikuwa wamepiga kambi Loiyangalani, ufuoni mwa Ziwa Turkana. Picha za chini zilijaza katikati; picha za juu zikaendelea nje. Zaidi ya hapo, chombo cha angani huzeeka: lenzi hufifia na kipokea mwanga hupungua nguvu, na hakuna anayeweza kukirudisha maabara. Taji lilelile likipimwa siku ileile kutoka ardhini kwa kifaa kilichokaguliwa asubuhi, unajua kama chombo cha juu bado kinasema kweli. Dakika 4 za ardhini ni ukaguzi wa mizani ya angani, na mfanyabiashara yeyote anajua thamani ya mizani iliyokaguliwa.

Kwa mfuko wa Taita Taveta

Habari njema ni kwamba bidhaa ya angani imeshalipiwa na wengine. Picha za SOHO na za vyombo vingi vya baada yake ziko wazi mtandaoni, hazina usajili wala ada. Bando la kawaida la simu linatosha kuzipakua. Watu wa kawaida, wakiwa majumbani mwao, wamegundua kwa picha hizo maelfu ya kometi, yaani nyota zenye mkia, zinazopita karibu na jua. Idadi ya SOHO ilipita 5,000 mwaka 2024. Klabu ya shule inaweza kupakua picha za C3 za siku moja, kuzipanga kwa mfuatano na kupima kwa rula kasi ya mlipuko. Gharama ni muda wa mwalimu na umeme wa kompyuta.

Bidhaa ya ardhini inakuja tarehe 2 Agosti 2027, Jumatatu. Kivuli kitapita kusini mwa Uhispania, Afrika ya Kaskazini, Misri, Saudia, Yemen, kisha ncha ya Somalia. Karibu na Luxor giza litazidi dakika 6, na Agosti ya Luxor karibu haina wingu. Jeddah na Makka zimo njiani, kwa hiyo anayepanga umra mwaka huo anaweza kuzipanga tarehe zake akapata mawili kwa nauli moja. Kutoka Voi hadi Nairobi usihofu: safari nzima ya SGR kutoka Mombasa, daraja la kawaida, ni Sh 1,500 tangu Januari 2024, na anayepandia Voi hulipa chini ya hapo. Bajeti italiwa na tiketi ya ndege, viza na hoteli, ambazo hupanda kadiri siku inavyokaribia. Ukiamua kwenda, lipia mapema na chagua hoteli inayorudisha pesa.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Voi siku hiyo itapata kupatwa kwa sehemu tu, na kupatwa kwa sehemu hakuonyeshi taji hata kidogo. Hata jua likifunikwa asilimia 99, ile moja iliyobaki inalimeza taji. Anayekuuzia safari ya mahali penye "karibu kupatwa kamili" anakuuzia kitu kingine. Miwani nayo iwe na alama ya ISO 12312-2. Miwani ya kawaida ya jua, filamu za eksirei na vioo vilivyopakwa masizi viache. Kioo cha mchomeleaji kinafaa kikiwa namba 14 tu. Miwani huvuliwa wakati wa giza kamili peke yake, na huvaliwa tena papo hapo jua linapochomoza.

Uamuzi wetu

*Klabu ya shule au mwanafunzi:* anza na picha za bure za angani. Hakuna sababu ya kununua kifaa chochote kabla ya kutumia mwaka mmoja wa SOHO.

*Mwalimu au mhadhiri mwenye ruzuku ndogo:* nunua kamera, lenzi, kichujio cha jua na cha polaroidi kwa ushirikiano na vyuo vingine, na upeleke timu ya watu wachache Luxor. Utapata ukanda wa chini wa taji kwa ubora ambao C2 haiwezi kukupa, na utarudi na data ya kulinganisha na ya vyombo vya angani vitakavyokuwa kazini saa ileile.

*Familia inayotaka kuona:* hakuna picha ya setilaiti inayofika karibu na jicho wakati wa giza kamili. Kama mfuko unaruhusu, nenda. Kama hauruhusu, usikope. Tazama kupatwa kwa sehemu ukiwa nyumbani kwa miwani halali.

*Serikali na Shirika la Anga la Kenya:* kujenga koronagrafu ya kwetu ya angani si matumizi mazuri ya shilingi kwa sasa, maana wapo wanaotupa data bila malipo. Fedha hizo ziende kwa watu wa kuisoma data hiyo, na kwa timu zitakazosimama na kamera zao kila kivuli kinapopita Afrika: Misri mwaka 2027, Botswana na Afrika Kusini mwaka 2030, Nigeria na Chad mwaka 2034. Setilaiti tunaweza kuazima. Nafasi ya kusimama chini ya kivuli, barani mwetu, wengine ndio wanaotujia kuiazima, kama walivyofanya Voi mwaka 1980.